Posho ya Mama Neema

Kosa langu la kwanza ofisini lilikuwa safi. Hapakuwa na tarakimu iliyopinda wala mahali palipofutwa. Nilikuwa nimechukua mshahara wa dereva mmoja wa Itigi, mtumishi wa serikali aliyeendesha gari la ubalozi wetu nchi za nje, nikaujumlisha na posho yake yote ya kule, nikakokotoa kodi juu ya jumla hiyo, kisha nikapiga mistari miwili kwa rula chini ya jibu. Niliitazama karatasi ile kama mtu anavyotazama nyumba aliyoipaka chokaa mwenyewe. Posho ile ilikuwa imesamehewa kodi kisheria. Nilikuwa nimemtoza mtu kodi ya chakula chake cha ugenini.

Nawaandikia ninyi mnaobaki. Watu wanaostaafu huwa na mvi, mimi sina hata moja. Nimestaafishwa kwa manufaa ya umma, na mpaka leo umma haujanieleza umenufaika vipi. Vyeo sitavitaja kwa kuwa vilikuwa vichache, na mishahara mnaijua. Nitawaeleza kazi.

Nilizaliwa Mungaa, nikamaliza darasa la saba, basi. Niliingia ofisi ya kodi mjini Singida kama tarishi. Nilikuwa nabeba majalada kutoka chumba kimoja hadi kingine, na kwa sababu nilikuwa na woga wa kuonekana mjinga, nilianza kuyasoma njiani. Sheria ya kodi niliisoma kwa kamusi, ukurasa kwa ukurasa, nikikaa kwenye ngazi za nyuma wakati wenzangu wanakula. Nilifanya mitihani ya jioni, nikawa karani, kisha msaidizi wa mkadiriaji. Sikufundishwa darasani, na mtu asiyefundishwa darasani haamini kamwe kwamba amejua. Nilinawa mikono kabla ya kugusa jalada. Nilihakiki jumla, nikaihakiki tena, halafu Jumapili baada ya ibada nikapita ofisini kuangalia kama bado iko sawa, kana kwamba tarakimu zingehama zikiachwa peke yake. Nasema haya waziwazi kwa sababu wapo kati yenu walio hivyo, na wanajificha.

Aliyeligundua kosa la dereva alikuwa Mzee Shabani, mkadiriaji mkuu wa zamani, Mgogo wa Manyoni aliyeanzia kazi relini. Alikuwa na mashine ya kujumlishia ya kuzungusha kwa mkono ambayo hakuna mwingine aliyeruhusiwa kuigusa. Aliniita, akaniweka mbele ya karatasi yangu.

"Yona, huyu dereva anakula wapi?"

"Huko huko aliko, mzee."

"Mkate wa huko bei yake unaijua?"

"Siijui."

"Mimi pia siijui. Serikali inaijua, ndiyo maana imempa posho. Sasa wewe unataka serikali itoe kwa mkono huu, halafu irudi kuchukua kwa mkono ule?"

Nikaomba radhi. Nilikuwa karibu kulia, na aliona.

"Mwandiko mzuri lakini," akasema. "Kosa lako linasomeka vizuri sana."

Kisha akanifundisha jambo ambalo nimelitumia mpaka siku niliyorudisha funguo. Mshahara wa mtumishi aliye nje unatozwa kodi kama wa mwenzake aliye hapa. Posho anayolipwa na serikali kwa sababu tu anaishi kule, haitozwi. Akija na fedha hiyo nyumbani akanunua kitu, kitu hicho hakitozwi kodi ya mapato. Kikianza kuzaa faida, faida ndiyo inatozwa. Ukishika hayo, mengine ni kuuliza maswali na kusikiliza majibu. Kuuliza nilijua mapema. Kusikiliza kulichukua muda.

Mzee Shabani alistaafu kwa kawaida, kwa chai na mandazi, akaniachia ile mashine ya kuzungusha. Ikawa mali yangu kwa mazoea, maana hakuna aliyeitaka. Vikokotozi vya betri vilikuwa vimeingia.

Mengi yalikuwa yameingia. Ilikuja ruksa ya watu binafsi kufanya biashara, na mji ukabadilika mbele ya macho yetu. Maduka yaliyokuwa na sabuni ya foleni yakajaa redio na vitambaa. Mitumba ikapanda juu ya meza sokoni. Watu binafsi wakaanza kuwa na mashine, za kusaga na za kukamua alizeti, vitu ambavyo zamani vilikuwa vya ushirika au vya kijiji. Nasi kazini tukabadilika. Zamani tuliulizwa kama tumekadiria sawasawa. Sasa tukaulizwa tumefikia lengo au hatujalifikia. Akaja mkuu mpya wa ofisi, msomi wa chuo kikuu, mtu mwenye akili nyingi. Sitaki mtu aseme namdharau. Sheria aliijua vizuri kuliko mimi, na mara mbili alinionyesha kifungu ambacho nilikuwa nimekisoma vibaya kwa miaka. Tatizo halikuwa kujua.

Msimu mmoja wa mavuno, orodha ya wenye mashine ikaletwa mezani kwangu. Kazi yangu ilikuwa kumwuliza kila mmoja mtaji wake umetoka wapi. Mmoja alikuwa Baba Neema wa Unyambwa, mkulima mwenye mashine mpya ya kukamua alizeti na injini yake ya dizeli. Mke wake, Mama Neema, alikuwa mtumishi wa serikali, mpiga chapa, na wakati huo alikuwa kazini ubalozini katika nchi moja ya baridi. Baba Neema aliwahi kumfuata kule, akarudi kabla ya mwaka. Aliwaambia watu kwamba hawezi kulala katika nyumba iliyo juu ya nyumba ya mtu mwingine.

Nilimwamkia, "Shikamoo, Baba Neema," akaitikia, akakaa. Benchi letu la kusubiria lilikuwa karibu mno na meza, na siku hiyo lilijaa.

"Mtaji wa mashine ulitoka wapi, mzee?"

"Ng'ombe."

"Uliuza?"

"Sikuwatoa sadaka."

"Mnada gani?"

"Minada yote."

"Na mama, huko aliko, hajatuma chochote?"

Akalitazama benchi. "Alituma picha," akasema.

Watu wakacheka, naye akacheka pamoja nao, na mimi nikaandika. Lakini nilijua si kweli. Mashine ile ilikuwa imekuja mara baada ya Mama Neema kuja likizo. Tatizo ni kwamba kwetu Unyaturu uongo huo huwezi kuuvunja. Ng'ombe wa mtu hawakai zizini kwake wote. Huyu amekabidhiwa kwa rafiki, yule kwa shemeji, wengine wako kijiji cha tatu, na hakuna anayejua mtu ana wangapi ila yeye mwenyewe. Ukimwambia Mnyaturu hana ng'ombe kwa sababu hujawaona, atakuuliza ni lini ulitembezwa.

Nikapanda baiskeli kwenda Unyambwa. Nilikuta mashine inavuma, mashudu yamerundikwa pembeni, na vijana wawili waliokuja na magunia ya alizeti wamekaa kivulini.

"Bwana Ubalozi," mmoja akaita, "viza yako imetoka?"

"Imetoka," Baba Neema akajibu bila kugeuka. "Naenda kumchukulia mama yako viatu."

Aliponiona akazima injini. Tukasogea nyuma ya nyumba. Nilimweleza taratibu kwamba maneno aliyoyasema ofisini yanamfanya mfanyabiashara wa ng'ombe asiyewahi kulipa kodi, kwamba atakadiriwa kwa miaka, na kwamba akishindwa kulipa mashine itafungwa kwa lakiri ya serikali na kuuzwa. Nikamwambia pia kwamba kama fedha ni posho ya mkewe ya kazi ya nje, sheria imekwisha kuisamehe. Neno moja tu na jalada linafungwa.

"Hujaoa wewe," akasema.

"Bado."

"Umewasikia wale vijana?"

"Nimewasikia."

"Kodi nitasamehewa na serikali. Wao nani atawaambia wanisamehe? Nikae hapa na mashine aliyoninunulia mwanamke, kama mtoto aliyenunuliwa sare?" Akafuta mikono yenye mafuta kwenye suruali. "Andika ng'ombe."

Hapo ndipo shida ilipo katika kazi yetu, na hakuna kitabu kilichoniambia. Tumezoea mtu anayedanganya ili asilipe. Huyu alidanganya ili alipe.

Mkuu alifurahi, wala simlaumu kwa hilo. Alisoma maelezo ya Baba Neema, akaniambia niandike makadirio.

"Mkuu, fedha ile ni posho ya mkewe."

"Amesema hivyo?"

"Hapana."

"Amesema nini?"

"Ng'ombe."

"Basi kadiria ng'ombe. Mlipa kodi amekiri mapato kwa mdomo wake mbele ya mashahidi, wewe unataka umkatalie? Bwana mdogo, tangu nianze kazi hii sijaona afisa anayebishana na mtu anayetaka kulipa."

"Sitasaini kitu ninachojua si kweli."

"Unajua kwa ushahidi gani?"

Sikuwa na ushahidi. Lakini nilikataa. Akaniacha siku hiyo, akaandika hati ya madai mwenyewe, na tarehe ya kufunga mashine ikapangwa. Magunia ya alizeti yalikuwa yanaanza kuingia mjini kutoka vijijini. Mashine ikifungwa wakati ule, msimu umekwisha kwa mwenye nayo, na mfanyabiashara mmoja wa mjini alikwisha uliza itanadiwa lini.

Jambo ambalo Baba Neema hakulipigia hesabu ni lile benchi. Watu wa benchi walirudi kwao, na mmoja alikuwa wa Mungaa. Kaka mkubwa wa Baba Neema anakaa Mungaa. Neno likamfikia kwamba mdogo wake ameuza ng'ombe minada yote mpaka akanunua injini. Ng'ombe waliokuwa wamekabidhiwa huku na huko walikuwa wa marehemu baba yao. Kaka akachukua fimbo yake akaja Unyambwa, akakaa uani, akasema haondoki mpaka aonyeshwe mali ya baba.

Sasa Baba Neema, mzee wa watu, akawa amebanwa pande mbili. Akisema ameuza, ameiba urithi. Akisema hakuuza, fedha ilitoka wapi? Alinisimamisha njiani sokoni akaniuliza kama naweza kumwandikia karatasi kwamba ng'ombe aliowauza hawakuwa wa baba.

"Walikuwa wa nani?" nikamwuliza.

Akaondoka bila kuaga.

Mama Neema alikuja tena likizo katikati ya mambo hayo. Sikumwita mimi, na nasema hivi kwa sababu ofisini walidhani nilimwita. Alikuta shemeji yake amekaa uani na fimbo, akaambiwa habari ya ng'ombe, na asubuhi iliyofuata alikuwa ofisini kwetu akiwa na koti zito mkononi ambalo hakuna anayelihitaji Singida mwezi ule, labda alilishika kwa mazoea. Nyuma yake alikuja mumewe, na nyuma ya mumewe kaka mtu. Mkuu alitoka chumbani kwake aliposikia sauti.

"Nani anaitwa Yona?"

"Ni mimi, mama. Shikamoo."

"Marahaba. Umeandika mume wangu ni mfanyabiashara wa ng'ombe?"

"Niliandika alichosema."

"Na wewe ukaamini?"

"Hapana, mama."

Akamgeukia mkuu, akazungumza kwa upole, kama mtu anayesoma imla. "Mimi ni mtumishi wa serikali. Nalipwa mshahara, umekatwa kodi. Nalipwa posho kwa sababu niko nje. Mashine nimenunua kwa posho."

"Mama, karibu ukae," mkuu akasema. "Nakuelewa. Lakini posho ile umepewa ili uishi kule. Kama hukuitumia kule, ukailimbikiza, hiyo ni akiba sasa. Tunaweza kubishana kama bado ni posho."

"Sikuitumia?" Akaliweka lile koti juu ya meza yangu, juu ya majalada yangu safi. "Hili nimelinunua mtumba, huko huko kwao. Joto la nyumba kule linalipiwa, nimelizima nikalala na hili. Wenzangu wanapanda basi, mimi natembea kwenye theluji. Niambie ni posho ya nani niliyokula, baba. Nimekula ya kwangu kidogo ili nile iliyobaki nikiwa nyumbani."

Mkuu alikuwa mtu mwenye haki ndani yake, nadhani, ila lengo lilikuwa juu yake kama mzigo kichwani, huwezi kuinama. Akasema tu, "Maelezo yaliyoko ni ya bwana. Bwana mwenyewe ayabadilishe. Kwa hiari yake."

Kila mtu akamtazama Baba Neema. Benchi lilikuwa limejaa, kama kawaida. Mkewe alimwambia neno kwa Kinyaturu, la chini, sitaliandika kwa sababu lilikuwa lao. Kaka yake alikuwa amesimama mlangoni na fimbo.

"Ng'ombe wa baba wapo," Baba Neema akasema, akimwambia kaka. "Wote. Kesho nitakupeleka ukawaone mmoja mmoja." Kisha akanigeukia mimi, sauti ikapanda mpaka benchi zima lisikie, nafikiri kwa makusudi. "Andika. Mashine ni fedha ya mke wangu. Yeye alikuwa kwenye baridi, mimi nilikuwa hapa naota jua. Andika hivyo hivyo."

"Ya jua siandiki, mzee."

"Andika."

Nikaandika. Mtu mmoja benchini akacheka, na Mama Neema akamtazama, akaacha.

Baada ya wao kutoka, mkuu aliniita ndani akafunga mlango. Alisema maelezo yaliyobadilishwa hayana uzito wa maelezo ya kwanza, na kwamba hoja yake ya akiba inaweza kusimama mbele ya wakubwa. Alisema nikisaini msamaha, ofisi itapungukiwa mwezi ule, na upungufu huo utakuwa na jina.

"Mkuu, wewe mwenyewe unaamini hoja hiyo?"

"Hapana," akasema. "Lakini sikuulizwa ninachoamini."

"Mimi nimeulizwa," nikasema, ingawa hakuna aliyeniuliza.

Nilirudi mezani. Nikanawa mikono. Nikaandika kwamba mtaji umetokana na posho ya utumishi wa nje iliyosamehewa kodi, na kwamba faida ya mashine itakadiriwa kila mwaka kama ya mwingine yeyote. Nikasaini jina langu lote, la baba na la babu. Mkuu alisoma akiwa amesimama. "Sawa," akasema. "Umesaini wewe." Hati ya madai ikafutwa na lakiri haikupelekwa Unyambwa. Kwa msimu ule mashine ilikamua mpaka magunia ya mwisho.

Orodha ya watakaopunguzwa ilipokuja, jina langu lilikuwemo. Hakuna aliyesema ni kwa sababu ya alizeti. Walisema elimu. Darasa la saba halitoshi katika ofisi ya kisasa, na kwa hilo siwezi kubisha, isipokuwa kwamba lilitosha miaka yote walipokuwa wananipa majalada magumu. Rafiki zangu walinishauri niandike barua ya kuomba nifikiriwe, nikiri nilikuwa mbishi. Sikuandika. Nimekuwa mwoga wa makosa maisha yangu yote. Nimeomba radhi kwa nukta zilizokaa vibaya na kwa karatasi zilizokunjika pembe. Kwa saini ile siombi radhi kwa mtu.

Ninyi mnaobaki mtaambiwa kwamba mambo haya ni ya zamani na kwamba kodi siku hizi ni lengo. Lengeni. Lakini mtu akikaa mbele yenu akakiri deni ambalo si lake, msimshukuru mkamkatia risiti. Muulizeni mara ya pili, na ikiwezekana msogezeni mbali na benchi.

Niliondoka bila chai. Mashine ya kuzungusha niliiacha mezani, aliye nayo aitumie kwa upole, mpini wake ni mlegevu. Mkuu naye alihamishwa baada ya muda. Kabla ya kuondoka alitoa agizo moja ambalo sikulitegemea, na wenzangu wananiambia bado linafuatwa. Mume akija ofisini na kitu kilichonunuliwa kwa fedha ya mke aliye kazini nje, haulizwi yeye. Anaulizwa mke.